Kinyama cha mafuta kwenye ulimi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na Kanda ya Ziwa

Maswali mengi kuhusu uvimbe wa ulimi huanza na maneno yale yale: "Daktari, nimeota kinyama." Hapa tunazungumzia kinyama cha aina moja, uvimbe wa mafuta uitwao lipoma, pamoja na vile vinavyofanana nao. Maswali yana namba, ili pale jibu lilipokwishatolewa uelekezwe huko badala ya kurudiwa. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari aliyeushika ulimi wako kwa kitambaa cha shashi na kuubonyeza kwa kidole.

## Mambo ya msingi

1. Lipoma ya ulimi ni nini hasa?

Ni uvimbe wa seli za kawaida za mafuta, zile zile zilizo chini ya ngozi ya tumbo, ambazo zimejikusanya mahali pamoja ndani ya ulimi na kukua taratibu. Mara nyingi mkusanyiko huo hufunikwa na utando mwembamba unaoutenga na misuli ya ulimi, na ndiyo sababu daktari wa upasuaji huweza kuutoa ukiwa mzima.

Mwilini kwa ujumla lipoma si ngeni. Bila shaka unamfahamu mtu mwenye uvimbe laini begani au mgongoni, anaishi nao miaka na miaka. Kilicho nadra ni kuukuta kinywani.

2. Je, ni saratani?

Hapana. Lipoma haisambai kwenda kwenye tezi za shingo wala kwenye mapafu.

Ila "hapana" hiyo ni ya lipoma iliyothibitishwa. Uvimbe ambao haujapimwa bado hauna jina, hata ufanane vipi na lipoma. Wanaopatwa na matatizo, mara nyingi ni wale walioichanganya hali hii na ile: walimsikia mtu akisema "hayo ni mafuta tu", wakarudi nyumbani. Angalia maswali ya 9 na 17.

3. Ni nadra kiasi gani?

Kati ya uvimbe wote usio wa saratani unaoota kinywani, lipoma huchukua takriban asilimia 1 hadi 4. Na hata humo, sehemu ya ndani ya shavu ndiyo inayoongoza, si ulimi. Wengi wanaopata wamevuka miaka 40. Haijagunduliwa jana: mwaka 1848 Mfaransa Roux alieleza uvimbe wa mafuta kinywani, akauita epulisi ya manjano, yaani uvimbe wa manjano wa fizi.

Kwa hiyo daktari wa meno wa wilayani anaweza kufanya kazi hadi astaafu bila kukutana na lipoma hata moja ya ulimi. Akikwambia, "Sina hakika, ngoja nikuandikie rufaa," usimdharau. Mimi ningemwogopa zaidi yule anayeupa uvimbe jina kabla hujafunga mdomo.

4. Inasababishwa na nini? Mimi nakula sana samaki wa kukaanga.

Hakuna sababu moja iliyothibitika. Katika lipoma nyingi zilizochunguzwa, seli zake zimekutwa na mabadiliko kwenye kromosomu ya 12, mahali ilipo jeni ya HMGA2. Kwa wengi mabadiliko hayo hutokea ndani ya seli hizo chache tu, si kitu ulichozaliwa nacho. Kujiuma ulimi mara kwa mara au kukwaruzwa na jino lililovunjika kumetajwa kuwa kichocheo, lakini ushahidi wake ni mwembamba.

Samaki wako hana kosa. Mafuta ya sangara, ya alizeti au ya nyama choma hayatoki sahanini yakaenda kujipanga ulimini. Na kinyume chake ni kweli: mtu akikonda sana kwa kufanya mazoezi au kwa kujinyima chakula, lipoma yake hubaki vile vile. Mafuta yaliyomo humo hayatumiki mwilini kama akiba nyingine.

5. Inaambukiza? Wanangu wataipata?

Haiambukizi, si kwa kijiko, si kwa kikombe, si kwa busu. Zipo familia chache ambazo watu wake huota lipoma nyingi, lakini hizo hutokea zaidi mikononi, mapajani na kiwiliwilini. Ukiwa na moja tu, tena ulimini, hakuna haja ya kuwapanga watoto mstari uwakague.

## Kuitambua

6. Inaonekanaje, na mtu huhisi nini?

Kwa kawaida ni uvimbe wa mviringo, laini, usiouma, ulioota ubavuni mwa ulimi au juu yake. Ukiwa karibu na uso wa ulimi huonyesha unjano hafifu, na juu yake unaweza kuona vishipa vyembamba vya damu. Ukiwa umezama kwenye misuli, rangi hiyo haionekani. Unachohisi ni ulimi kuwa mnene upande mmoja. Kuubonyeza ni kama kubonyeza unga wa chapati uliokandwa ukalainika: hudidimia, kisha hurudi.

Nyingi hazizidi sentimita 3. Zikiwa ndogo hazina usumbufu wowote, na mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua, hadi siku daktari anang'oa jino na kuiona. Zikikua ndipo mtu huanza kujiuma akila, maneno yanakuwa mazito, au anapata shida kumeza.

7. Nimejimulika kwa tochi ya simu nikaona vinundu vingi nyuma ya ulimi. Ndiyo hiyo?

Karibu kila mara jibu ni hapana. Nyuma ya ulimi wa kila binadamu kuna safu ya vinundu vikubwa vilivyojipanga kwa umbo la V, na pembeni kabisa, karibu na koo, kuna mikunjo midogo yenye wekundu. Ni maumbile ya kawaida. Vinaweza kuvimba kidogo ukiwa na mafua au ukiungua na chai.

Kipimo rahisi ni kulinganisha kulia na kushoto. Kilicho pande zote mbili kwa ukubwa ule ule, huenda ndivyo ulivyoumbwa. Kilicho upande mmoja tu, kionyeshe kwa mtaalamu.

8. Kama si lipoma, kinaweza kuwa nini kingine?

Vitu vingi, na vingi kati ya hivyo huonekana mara nyingi zaidi kuliko lipoma yenyewe.

Kinachoongoza ni kinyama kigumu kiasi, cha rangi ya waridi, kinachoota mahali unapojiuma mara kwa mara au panapokwaruzwa na jino bovu. Hiki ni kovu lililonenepa, wataalamu hukiita fibroma. Kipo pia kifuko cha mate: hutokea chini ya ncha ya ulimi, kina ubluu wa maji maji, hupasuka na kujaa tena, na huwapata zaidi watoto na vijana. Uvimbe wa mishipa ya damu huwa mwekundu au wa zambarau, na ukiubonyeza hupauka. Hapo mtu asiyejua asithubutu kuchoma sindano wala kukata, kwa sababu damu yake si ya mchezo. Kisha kuna uvimbe wa mishipa ya fahamu, na ule wa seli zenye chembechembe, ambao katika mwili mzima huupenda ulimi kuliko sehemu nyingine.

Uvimbe ulio katikati kabisa, nyuma ya ulimi, unahitaji tahadhari yake. Unaweza kuwa tezi ya thairoidi iliyokwama ulimini tangu mtu akiwa tumboni, badala ya kushuka shingoni. Kwa watu wengi wa namna hii, hiyo ndiyo thairoidi pekee waliyo nayo. Ikikatwa bila kupimwa, mtu huyo atameza vidonge vya homoni maisha yake yote.

Na ipo saratani ya ulimi. Hiyo ina swali lake, la 10.

9. Mbona daktari hawezi kunitamkia kwa kuangalia tu?

Anaweza kukisia, na mara nyingi atakisia sawa. Lakini ulimi ni mahali ambapo uvimbe usio na madhara na ule wenye madhara huvaa sura moja. Iko saratani ya seli za mafuta inayokua polepole, laini, isiyouma, na ulimi ni miongoni mwa sehemu za kinywa inakojulikana kutokea. Ni nadra kuliko hata lipoma. Kwa macho na kwa kidole huwezi kuzitofautisha. Ni hadubini tu inayoweza, na wakati mwingine hata hadubini huhitaji msaada (swali la 18).

10. Dalili gani zisingoje?

Kidonda ulimini kisichopona ndani ya wiki 2. Uvimbe mgumu usiodidimia. Uvimbe unaotoka damu wenyewe. Doa jeupe au jekundu lisilofutika. Ulimi kushindwa kutoka nje vizuri au kupinda upande mmoja. Ganzi isiyo na sababu, maumivu yanayopanda sikioni, tezi ngumu shingoni. Kukua kwa kasi ndani ya wiki chache.

Ukiwa na hata moja kati ya hizo, anza safari wiki hii, hasa kama unavuta sigara, unabwia ugoro au kuberi, au pombe imekuwa ya kila siku. Saratani ya ulimi huota zaidi ubavuni, pale pale ambapo na lipoma hupapenda.

Kama kuna jino lenye ncha linalogusa kidonda, litengenezwe au ling'olewe kwanza, kisha hesabu wiki 2. Kisipopona, jino halikuwa peke yake.

Ulimi uliovimba ghafla, ndani ya dakika au saa, ni jambo tofauti kabisa na ni dharura. Vidonge vya presha vya kundi la captopril na enalapril vinaweza kuuleta, hata kwa mtu aliyevitumia kwa muda mrefu. Usisubiri kupambazuke.

## Kwenda hospitali

11. Nipo Mwanza, nianzie wapi?

Anzia kliniki ya kinywa na meno iliyo karibu nawe, ya kituo cha afya au ya hospitali ya wilaya. Watu wengi hawajui kwamba ulimi ni kazi ya daktari wa meno. Huzungukia maduka ya dawa wakipewa dawa za fangasi moja baada ya nyingine. Daktari wa meno ataangalia, atashika shingo kutafuta tezi, na akiona haja atakuandikia rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou-Toure au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, ile ya kilimani iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayopokea wagonjwa wa mikoa yote ya jirani.

Mtaalamu unayemtafuta ni bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Bingwa wa masikio, pua na koo naye huihudumia, hasa uvimbe ulio nyuma ya ulimi.

Kwa anayetoka Ukerewe au Sengerema, ushauri mmoja wa kimatendo: usije bila barua ya rufaa, na piga simu kwanza kuuliza siku ya kliniki. Kuvuka ziwa na kulala mjini ili uambiwe "njoo Alhamisi" ni gharama ambayo simu moja ingeiokoa.

12. Nitapimwa nini kabla ya upasuaji?

Uvimbe mdogo ulio juu juu mara nyingi hauhitaji picha yoyote. Unatolewa wote, unapelekwa maabara, basi.

Ukiwa mkubwa au umezama, daktari atataka kujua umefika wapi. Ultrasaundi ni ya bei nafuu na inaonyesha kama ndani ni maji, damu au nyama. Kipimo cha CT husaidia zaidi kwa mafuta, kwa sababu kila kitu mwilini kina namba yake kwenye picha hiyo: maji ni sifuri, na mafuta huanguka chini ya sifuri, kati ya −50 na −150 hivi. Uvimbe ukisoma namba hizo, ndani yake kuna mafuta. MRI huonyesha vizuri kuliko zote jinsi uvimbe ulivyojipenyeza kati ya misuli, lakini si kila mgonjwa anaihitaji, na usishawishike kuilipia kwa sababu tu ipo.

Kuna pia kufyonza kwa sindano nyembamba. Kwa lipoma si kipimo cha kutegemea peke yake: sindano inaweza kuchota mafuta ya kawaida, au ikakosa sehemu yenye kasoro.

13. Bima inalipia?

Inategemea bima yako na ngazi ya hospitali. Wenye NHIF waulize dirishani kabla ya kupangiwa siku, na waulize mambo mawili kwa kutaja: upasuaji wenyewe, na kipimo cha nyama cha maabara. Hicho cha pili ndicho husahaulika, halafu mtu akishaletewa bili anasema kiachwe. Anayelipa taslimu naye aulize hivyo hivyo. Ukilazimika kubana matumizi, bana kwenye picha, si kwenye maabara.

## Matibabu

14. Lazima ikatwe? Hainiumi.

Si dharura, na hakuna wa kukulazimisha. Lakini ulimini tofauti na mgongoni, ushauri wa kawaida ni kuitoa, kwa sababu mbili. Ulimi unafanya kazi mchana kutwa, hivyo uvimbe ukikua kidogo tu utaanza kuung'ata. Na kuutoa ndiyo njia ya kujua ni nini.

Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, ambaye uvimbe wake ni mdogo, laini na haujabadilika kwa miaka, kukubaliana na daktari kuufuatilia kila baada ya miezi kadhaa ni uamuzi wa busara. Upimwe kwa rula na kuandikwa kwenye faili. Kumbukumbu ya macho hudanganya.

15. Hakuna dawa ya kuuyeyusha? Jirani amenielekeza kwa mzee anayekata vimeo.

Hakuna kidonge, sindano ya mtaani, magadi, chumvi wala mafuta ya taa yanayoyeyusha lipoma. Vinavyounguza vitatengeneza kidonda, na kidonda hicho kitamfanya daktari ashindwe kujua kilichotangulia.

Kuhusu mzee wa vimeo: ulimi una mishipa mikubwa ya damu pande zote mbili, na ukikatwa vibaya damu hujaa kooni haraka kuliko unavyoweza kuitema. Mzee huyo hana mashine ya kufyonza damu. Kisu chake kimepita vinywa vya watu usiowajua, kwa hiyo kuna hatari ya VVU, homa ya ini na pepopunda. Kufunga uvimbe kwa uzi mpaka ukatike nako ni vile vile. Juu unakatika, mzizi unabaki, na hakuna kitakachopelekwa maabara.

Nasema haya bila kumtukana mtu. Wapo waliokatwa vimeo wakapona, na ndiyo maana jirani yako anaamini. Ulimi ni kitu kingine.

16. Upasuaji wenyewe unafanyikaje? Nitalazwa?

Kwa uvimbe mdogo, unakaa kwenye kiti cha meno, unachomwa ganzi, na ulimi unashikwa kwa uzi au shashi usikimbie. Daktari anachana utando wa juu, anautenga uvimbe taratibu na misuli inayouzunguka, na lipoma yenye utando wake hutoka nzima. Anafunga damu, anashona kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Uvimbe mkubwa, ulio nyuma, au ulioingia ndani ya misuli hutolewa ukiwa umepewa nusu kaputi, na utalazwa ili wauguzi waangalie usivimbe ukaziba njia ya hewa.

Mwambie daktari mapema kama una presha, sukari, au unatumia aspirini au wafarini. Usiache wafarini kwa uamuzi wako, muulize aliyekuandikia.

Ulimi hupona haraka kwa sababu una damu nyingi. Siku 2 au 3 za mwanzo utavimba na maneno yatakuwa ya kitoto, hiyo ni kawaida. Ganzi ndogo au ladha iliyofifia pembeni ya mshono inaweza kukaa wiki kadhaa, kwa sababu vitawi vya mishipa ya fahamu hupita hapo. Kwa uvimbe mdogo, ulimi kubaki na ulemavu wa kudumu ni jambo la nadra.

Chakula: siku ya kwanza uji vuguvugu, maziwa ya mgando, mchuzi wa sato uliopoa na kuchujwa miiba. Ugali laini utakuja baadaye, nao uwe umepoa. Achana na pilipili, ndimu, karanga, michembe mikavu na chai ya moto mpaka mshono utulie. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo kuanzia siku ya pili. Sigara na ugoro, la. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi kwa dakika 20 bila kuchungulia. Isipokoma, rudi hospitali.

17. Nimeambiwa kinyama changu kitapelekwa maabara. Ni lazima?

Ndiyo. Katika maswali yote hapa, jibu hili ndilo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mengine.

Kinyama kilichokatwa huwekwa kwenye kichupa chenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, inayozidi ukubwa wa kinyama angalau mara 10. Hapo lipoma hujitambulisha kidogo: huelea. Nyama nyingi nyingine huzama. Ni ishara nzuri lakini si cheti, kwa sababu saratani ya mafuta nayo ni mafuta. Maabarani hukatwa vipande vyembamba mno, hupakwa rangi na kusomwa kwa hadubini na daktari wa patholojia.

Hospitali ndogo nyingi hazina daktari huyo. Ikitokea ndugu yako amekabidhiwa kichupa akipeleke mjini, hakikisha mambo haya: kina kifuniko kinachobana, kimeandikwa jina, umri, tarehe na upande wa ulimi kilipotoka, na kimefuatana na fomu. Kisiwekwe kwenye maji, spiriti wala chupa ya soda. Kisigandishwe. Na fomalini isimwagwe kwa sababu inanuka.

Majibu huweza kuchukua siku kadhaa au wiki, kulingana na maabara. Yafuate. Faili nyingi zimefungwa na jibu likiwa bado kwenye droo.

18. Jibu limekuja na maneno mengi baada ya lipoma. Yana maana gani?

Lipoma peke yake ni mafuta matupu. Fibrolipoma ni mafuta yaliyochanganyika na nyuzi nyuzi, kwa hiyo huwa ngumu kidogo. Angiolipoma ina vishipa vingi vya damu. Ya seli ndefu nyembamba ipo pia. Zote hizo si saratani, na matibabu ni yale yale uliyokwishafanyiwa.

Mawili ya kuuliza zaidi: likisomeka kwamba uvimbe umejipenyeza ndani ya misuli, nenda swali la 19. Likisomeka kuwa ni wa kutiliwa shaka, au seli si za kawaida, patholojia anaweza kuomba kipimo cha ziada cha jeni ya MDM2, ambayo huongezeka katika saratani ya mafuta ya daraja la chini na si katika lipoma. Kinyama kile kile kilichohifadhiwa maabara hutumika. Hukatwi upya kwa ajili ya kipimo hicho.

## Hali zisizo za kawaida

19. Inaweza kurudi? Inaweza kugeuka saratani?

Ikitolewa yote, kurudi ni nadra. Iliyojipenyeza kati ya misuli ndiyo yenye tabia ya kurudi, kwa kuwa haina mpaka ulio wazi na daktari hawezi kung'oa nusu ya ulimi kuifuata. Huyo mgonjwa afuatiliwe kwa miaka kadhaa.

Lipoma kugeuka saratani si jambo la kuhesabia. Unaposikia "ilikuwa lipoma ikageuka", uwezekano mkubwa ni kwamba haikuwa lipoma tangu mwanzo, na hakuna aliyeipima.

20. Mtoto wangu ana uvimbe ulimini. Ni lipoma?

Kwa watoto lipoma ya ulimi ni nadra zaidi. Fikiria kwanza kifuko cha mate au uvimbe wa mishipa (swali la 8). Mtoto aliyezaliwa na ulimi uliogawanyika vipande, wenye vinundu, na vidole vilivyoungana au kuzidi, aonwe na daktari bingwa wa watoto, kwa sababu vikija pamoja vinaweza kuwa ugonjwa mmoja wa kurithi unaogusa na figo.

21. Ni mjamzito wa miezi mitano. Nitolewe sasa?

Kama ni laini, hauumi na haukui, subiri ujifungue. Kama ni mwekundu, umeota haraka na unatoka damu ukiguswa, huenda ni uvimbe wa ujauzito. Huota zaidi kwenye fizi lakini ulimi nao hupata, na mwingi hunywea baada ya kujifungua. Ukiwa na dalili yoyote ya swali la 10, mimba si sababu ya kungoja.

22. Natumia ARV. Kuna uhusiano?

Baadhi ya ARV za zamani, stavudini ikiwemo, zilijulikana kwa kuhamisha mafuta mwilini: mashavu yakanywea, mafuta yakajaa tumboni na nyuma ya shingo. Hilo si sawa na lipoma moja ulimini. Usiache dawa zako kwa sababu yake.

Jambo la kuangalia kwa mwenye VVU ni rangi. Doa au uvimbe wa zambarau au wa kahawia kinywani, hasa kwenye kaakaa na fizi, unaweza kuwa saratani ya Kaposi. Uonyeshe kwenye kliniki yako ya CTC safari ijayo, au kabla.

23. Ulimi wa baba umenenepa pande zote mbili, na shingo pia. Naye ni mnywaji.

Huo si uvimbe mmoja. Kuna ugonjwa uitwao wa Madelung, ambapo mafuta yasiyo na utando hujaa shingoni, mabegani na mara chache ulimini, kwa ulinganifu. Huwapata zaidi wanaume waliokunywa pombe kwa miaka mingi. Kuacha pombe kunaweza kuuzuia usizidi, ingawa mafuta yaliyopo hayaondoki. Ulimi mnene pande zote huletwa pia na thairoidi dhaifu na magonjwa mengine, kwa hiyo mzee apimwe damu kabla ya kuzungumzia kisu. Kama anakoroma akikatiza pumzi usingizini, mwambieni daktari. Hilo ndilo litakalomsogeza mbele kwenye foleni.

24. Walishanikata mwaka jana, kinyama kikatupwa. Nifanye nini?

Rudi ulipokatwa uombe maelezo ya upasuaji yaliyoandikwa: ukubwa, mahali, rangi, kama kilitoka kizima au vipande vipande. Kisha muone daktari wa kinywa na meno, akushike ulimi na shingo, aandike alichokuta. Kama kovu ni laini na hakuna kitu, pangeni kuonana tena baada ya miezi 6, halafu mara moja kwa mwaka. Hakuna sababu ya kukata kovu zima kutafuta kisichoonekana.

Kikiota tena pale pale, kitolewe, na safari hii uombe uonyeshwe kichupa chenye fomalini na jina lako kabla hujachomwa ganzi.